Mkono wa Apiyo

Rachael Adongo alikuwa na jicho la kuutambua mshono. Ukimpelekea sketi iliyofumuka, kabla hujamaliza kueleza shida yake, ameshaigeuza ndani nje, amepitisha kidole gumba kwenye upindo, na amekuambia ilishonwa na nani.

"Hii ni ya yule baba wa Kibuye," angesema. "Anakaza uzi kama anafunga mbuzi."

Wateja wake wa mtaa wa Migosi walizoea kumjaribu. Walimletea nguo za wageni wao na kuwekeana dau la soda, naye akakaa kwenye kibanda chake cha mabati, mguu juu ya pedali ya cherehani, akitaja mafundi mmoja mmoja. Kama fundi hamjui, alisema hivyo tu, kisha akaandika katika daftari lake namna mshono ulivyokwenda, ili siku nyingine amjue. Daftari hilo lilikuwa na vipimo vya wateja, vipande vidogo vya vitambaa vilivyobanwa kwa pini, na maneno mafupi. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Maneno mengi alikuwa nayo pacha wake, Apiyo. Wajaluo humwita Apiyo msichana anayetangulia kutoka tumboni, na Adongo yule anayebaki nyuma, na kwa miaka arobaini na sita Apiyo hakuacha kulikumbusha jambo hilo. "Mimi ndiye niliyekufungulia mlango," alisema kila walipogombana. "Bila mimi ungekuwa bado umo humo ndani, unapima kuta."

Apiyo aliolewa kwa Obonyo, karibu na Luanda Kotieno, ufuo ambako samaki hushushwa na feri huvuka kwenda Mbita. Aliuza samaki wa kukaanga na sauti yake ilisikika tangu gati hadi barabarani. Jambo moja lilimshinda: sindano. Shuleni, katika somo la ushonaji, mwalimu alimkuta ameishika kwa mkono wa kushoto, akamfunga mkono huo kwa kitambaa mpaka kipindi kiishe. Wiki baada ya wiki Apiyo alishona kwa mkono wa kulia usiojua chochote, akajichoma, akalia, akaapa hatashika tena sindano maishani. Tangu hapo nguo zake zote alizishona Adongo. Hata kifungo kikikatika, alikipeleka Migosi kikiwa kimefungwa kwenye pembe ya leso.

"Siku nikifa utanishonea nini?" Adongo alimtania mara moja.

"Hufi mbele yangu, nyamera, dada yangu. Mambo yote mimi ndiye ninayetangulia."

*

Ilikuwa mwezi wa tatu. Apiyo aliikosa feri ya asubuhi, akapanda mashua ndogo pamoja na watu wengine saba. Upepo ulibadilika wakiwa katikati ya maji, mashua ikalala ubavu. Sita waliokolewa na wavuvi. Mmoja alipatikana siku ya tatu, amekwisha kufa. Apiyo hakupatikana.

Adongo alifunga kibanda akaenda kukaa ufuoni. Kila mashua iliyorudi aliiendea na kuuliza. Wavuvi walimwitikia kwa upole, "Bado, Mama," na baada ya siku kadhaa wakawa wanatikisa kichwa wakiwa bado mbali, ili asisumbuke kuingia majini na viatu. Obonyo hakuweza hata kumweleza Adongo mkewe alikuwa amevaa nini siku hiyo. Alikuwa ametoka alfajiri kwenda shambani. Walionusurika walikumbuka sweta ya kahawia, basi.

Siku ya kumi na saba simu iliita. Mwili wa mwanamke ulikuwa umepatikana kwenye magugu maji, mbali sana na pale mashua ilipopinduka, ukapelekwa chumba cha maiti cha hospitali moja mjini. Adongo na Obonyo walikwenda pamoja. Obonyo alifika mlangoni, akaketi chini kwenye saruji. Adongo aliingia peke yake.

Mhudumu wa pale alikuwa mzee mmoja mwenye sauti ya chini, jina lake Walubengo.

"Mama, uso sitakuonyesha," alisema. "Hautakusaidia, na hutautoa machoni. Tazama nguo kwanza."

Alileta beseni la plastiki. Sweta haikuwemo. Kulikuwa na sketi moja tu, ya kitambaa chenye maua ya manjano, iliyofifia kwa maji na matope. Adongo aliigeuza ndani nje kama alivyogeuza maelfu ya sketi. Akapitisha kidole gumba kwenye upindo.

Haikushonwa kwa cherehani. Ilishonwa yote kwa mkono, mishono mirefu isiyolingana, kama ya mtoto wa shule, na yote imelala kinyume. Kitambaa chenyewe hakikuwa kimepita mikononi mwake hata siku moja. Alihisi kitu kikifunguka kifuani.

"Si yeye," alisema.

"Urefu ni kama ule mliotuambia. Na umri."

"Mzee, dada yangu hajawahi kuvaa nguo ambayo sikuishona mimi. Hii si kazi yangu."

"Una uhakika, Mama?"

"Mkono wangu naujua."

Walubengo alilifunika beseni. Adongo, kwa mazoea tu, alitoa daftari akaandika kama alivyoandika kila mshono mgeni. Nje alimkuta Obonyo bado amekaa chini, akamwinua kwa mikono yote miwili.

"Si yeye, shemeji! Si yeye!"

Obonyo alilia kwa furaha. Adongo pia. Walinunua chai na mandazi kwa mama mmoja nje ya lango, na ilikuwa mara ya kwanza kwa siku kumi na saba chakula kuwa na ladha. Hakumsimulia mtu habari za ile sketi. Kwa nini aisimulie? Ilikuwa ya mtu mwingine, na msiba wa watu wengine.

*

Miezi ilikwenda. Adongo alirudi kwenye cherehani yake lakini alishona vibaya. Katika mwezi wa tano, siku yao ya kuzaliwa, alikata gauni kwa vipimo vya Apiyo na kulitundika ukutani. Wateja wakiuliza ni la nani, aliwajibu, "La mtu aliyesafiri."

Mwezi wa tisa Obonyo alikuja Migosi. Aliketi kwenye kiti cha wateja, kofia magotini, akahangaika nayo muda mrefu.

"Shemeji, wazee wamekaa. Wanasema nyumba haiwezi kubaki hivi. Binti yetu anataka kuolewa, hawezi, mama yake hayupo hai na hajazikwa. Tutazika yago."

Adongo alijua. Kwao, mtu aliyepotea majini asipopatikana, hukatwa tunda la yago, refu na zito kama gogo, likavishwa nguo yake, likazikwa kwa heshima zote za mwili. Akishazikwa hivyo, amezikwa. Hatafutwi tena.

"Mnataka kuzika tunda na huku mtu yuko mahali?"

"Yuko wapi, shemeji? Niambie nimfuate. Leo hii nimfuate kwa miguu."

Adongo aliinuka kutoka kwenye cherehani. Gauni lililotundikwa ukutani alilikunja, akalitia katika mfuko wa karatasi, akampa.

Siku ya mazishi watu walijaa nyumbani kwa Obonyo. Kaburi lilikuwa limechimbwa upande wa kushoto wa nyumba, wanakozikwa wanawake wa boma lile. Jeneza lilikuwa wazi mezani, na ndani yake yago, limevishwa lile gauni jipya. Adongo alisimama kando akirekebisha ukosi, kwa sababu ulikuwa umekaa vibaya, na mikono yake haikujua kuuacha.

Ndipo mwanamke mmoja akamsogelea, ameshika kifurushi. Alijitambulisha kuwa Dorca, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama pale ufuoni.

"Wewe ndiye Adongo. Sihitaji kuuliza, sura ni ileile," alisema. "Nimeleta kitu chake aende nacho. Blauzi. Hakuimaliza, mkono mmoja haujashonwa."

"Blauzi ya nani?"

"Yake. Aliishona mwenyewe." Dorca alitabasamu huku machozi yakimtoka. "Aliniapisha nisikuambie. Tulianza kufundishana kushona mwezi wa kwanza, akasema yeye hawezi, mikono yake ni ya samaki. Mimi nikamuuliza, unakatia samaki mkono gani? Akasema wa kushoto. Nikamwambia, basi sindano ishike huohuo, nani amekukataza? Mama! Alishona kama aliyefunguliwa kamba. Akawa anatucheka sisi wengine. Alisema siku yenu ya kuzaliwa atakuja Migosi amevaa sketi na blauzi, atakaa mbele yako, akuache uugeuze upindo. 'Nitamwona huyo anayejua mikono ya watu wote. Huu atashindwa.'"

Adongo aliifungua karatasi. Maua ya manjano. Kidole gumba kilikwenda chenyewe kwenye upindo. Mishono mirefu, isiyolingana, yote imelala kinyume.

"Sketi iko wapi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Sketi aliimaliza mapema. Alikuwa nayo siku ile. Alisema anakwenda nayo Mbita kuijaribu kwanza, aone kama kiuno kitashika."

Watu waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba Adongo hakupiga kelele. Aliketi tu juu ya nyasi, blauzi mapajani, akaufuata upindo kwa kidole mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akaufuata tena. Mchungaji alikuwa ameshafungua kitabu. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua ila Walubengo, na Walubengo hakujua kwamba anajua. Tunda lingeteremshwa, watu wangekula, binti angeolewa, na Adongo angebaki nalo peke yake hadi kufa.

Alisimama.

"Obonyo," alisema, na kwa mara ya kwanza hakumwita shemeji. "Yule wa mwezi wa tatu alikuwa yeye. Mimi nilimkana."

*

Mazishi yalisimamishwa, na asubuhi iliyofuata walikuwa mbele ya Walubengo. Mzee alimsikiliza Adongo mpaka mwisho, akatoa rejista, akatafuta ukurasa kwa subira.

"Tulimtangaza kama sheria inavyosema. Hakuja mtu. Mwezi wa nane alizikwa na wengine makaburi ya umma. Kumi na mmoja, shimo moja." Alifunga rejista. "Kufukua ni amri ya korti, na vipimo kwa wote, kwa sababu hatujui nani yuko wapi. Nguo zilichomwa. Nakuambia ukweli, Mama, nisikudanganye."

Obonyo alisimama dirishani, mgongo kwao. Alipogeuka hakuonekana kuwa na hasira, na Adongo alitamani angekuwa nayo.

"Ulisema unaujua mkono wako," alisema.

"Ndiyo."

"Na wake?"

Hilo ndilo alilorudi nalo Migosi. Alifungua daftari akatafuta tarehe. Lilikuwepo, kwa mwandiko wake nadhifu: *Sketi. Maua ya manjano. Yote kwa mkono. Mishono imelala kinyume, mshonaji ni wa kushoto. Si mimi.* Alikuwa ameliona. Alikuwa hata ameliandika. Aliishi miezi tisa tumboni na miaka mingi darasani na kitandani na mtu wa kushoto, akamwona akifungwa mkono mbele ya wanafunzi arobaini, na bado alipowekewa kazi ya mkono uleule mbele yake, swali alilouliza lilikuwa kama mkono ni wake yeye. Hakuuliza ni wa nani. Alitaka sana isiwe ya Apiyo, na jicho lake likamtii.

Kwa wiki mbili hakugusa uzi. Majirani walimletea uji, wakambembeleza. Mmoja alimwambia Mungu amempa kipaji, asikiache kioze. Adongo alimjibu kwamba kipaji hicho ndicho kilichomtupa dada yake shimoni na watu kumi asiowajua, kwa hiyo wakiache kioze tu.

Wazee wa kwa Obonyo waliamua wasiwasumbue wale kumi kwa ajili ya mmoja. Udongo kutoka pale alipolala utaletwa nyumbani, uwekwe pamoja na yago, na hayo ndiyo yatakuwa mazishi. Walimtuma Adongo akauchukue, kwa sababu walizaliwa pamoja.

Alikwenda peke yake mchana mmoja wa jua kali. Shimo lile refu lilikuwa limeota majani. Hapakuwa na pa kuanzia, basi alitembea kando yake tangu mwisho mmoja hadi mwingine, akichota udongo kidogo kila hatua, ili popote alipo asirukwe. Nyumbani alikata mfuko kutoka katika ule mkono wa blauzi ambao haukushonwa. Akatunga uzi. Kisha akaihamishia sindano mkono wa kushoto.

Alijichoma mara nyingi. Ulikuwa mshono mbaya kuliko wote aliowahi kushona, mrefu, umepinda, umelala kinyume. Alipomaliza aliugeuza akaupitishia kidole gumba, na kwa kitambo kidogo, kifupi sana, ilikuwa kama Apiyo yuko pale amekaa kwenye kiti cha wateja, amefumba mdomo kuzuia kicheko, anamsubiri akisie.

"Nimekujua," Adongo alisema. "Nimekujua, nyamera. Nimechelewa."

Walizika udongo na yago siku ya Jumamosi. Binti aliolewa mwezi wa kumi na mbili. Obonyo humsalimu Adongo vizuri wakikutana, huuliza habari za kazi, lakini chai kwake hanywi tena.

*

Mwezi wa kwanza Adongo alirudi chumba cha maiti na daftari jipya. Walubengo alidhani amekuja kudai karatasi.

"Nionyeshe nguo za wasio na wenyewe," alisema.

"Za nini, Mama?"

"Nyinyi mnaandika sketi, shati, suruali. Kila mtu ana shati. Mimi nitakuandikia limeshonwa na nani. Na kama limetiwa kiraka, nani alikitia."

Ilichukua barua tatu na msimamizi mmoja aliyekuna kichwa kabla ya kuruhusiwa. Sasa huenda kila Jumanne. Huvaa glovu, hugeuza ndani nje, huandika. Ukosi umegeuzwa baada ya kuchakaa, kazi ya fundi. Kifungo cha tatu ni cha nguo nyingine, uzi mweusi, fundo mara mbili, hii ni ya nyumbani, mke au mama. Juu ya kila ukurasa, kabla ya jambo lolote, huandika swali lilelile: *Mkono wa nani?* Kisha huzunguka na kuuliza. Mafundi wa Kibuye na wa Katito wamemzoea. Humwonyesha kushona kwao, naye huwaonyesha kipande kilichopigwa picha. Nguo nyingi haziongei. Kwa mwaka mmoja na zaidi, nguo tano zimeongea.

Ya tano ilikuwa suruali ya kazi, ya mwashi, iliyokwisha magotini. Kiraka cha goti kilikuwa cha kitambaa cha sare ya shule, kimeshonwa kwa mishono midogo mno, safu mbili, na pembe zake zimekunjwa kama bahasha. Fundi mmoja wa Katito alikitazama akasema pembe za namna hiyo huzikunja mama mmoja anayeuza mboga njia ya Kendu Bay. Mama huyo alikuwa akimtafuta mwanawe, Dishon, kwa miezi minne. Alidhani yuko Nairobi, amekasirika.

Aliletwa siku ya Jumanne. Adongo hakumwambia kitu. Alimwekea suruali mezani, akaigeuza ndani nje, akamwachia. Mama aliweka kidole kwenye pembe ya kiraka.

"Hii ni mimi," alisema. "Nilimwambia avue nishone, akakataa kuvua. Nimeishona akiwa ameivaa. Nikamchoma goti, akasema, 'Mama, unaniua.'" Akacheka, na katikati ya kicheko kile akaanza kuanguka. Adongo alimdaka kabla hajafika chini, akakaa naye kwenye saruji, pale pale Obonyo alipokaa, akamshikilia mpaka kilio kikaisha sauti.

Alasiri gari lilikuja na jeneza. Ndugu walimbeba Dishon, mtu mzima mmoja, mwenye jina lake, akienda kuzikwa kwao. Kabla ya kupanda, mama alirudi akazishika glovu za Adongo, mikono ikiwa bado imo ndani.

"Mungu akubariki, mama yangu. Umenirudishia."

Adongo aliitikia inavyopaswa. Alisimama langoni akaliangalia gari mpaka likakata kona, na moyoni hakuona fahari aliyokuwa ametarajia kuiona siku moja. Aliona wivu, wivu mtupu, kwa mwanamke aliyekuwa akienda kumzika mwanawe.

"Umechoka, Mama?" Walubengo aliuliza nyuma yake. "Kuna mmoja aliletwa jana. Anaweza kungoja wiki ijayo."

"Amengoja vya kutosha," Adongo alisema. Akafungua ukurasa mpya, akaandika swali lake juu, akamfuata ndani.